Binti wa Mtwara na sikoseli: maumivu yana namba, moyo nani anaupima?

Leo habari za nani kaachana na nani ziwekwe pembeni kidogo.

Kuna binti mmoja wa pande za Chikongola, yuko kidato cha tatu, jina kapuni. Ukimuona mtandaoni ni mtoto wa mjini kabisa: picha za Msangamkuu, msuko mpya kila wiki, kucheka muda wote. Wasichojua wafuasi wake ni kwamba ana sikoseli. Kiswahili chake cha hospitali ni selimundu, maana chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Zikiziba, mifupa inauma balaa. Baridi, malaria, uchovu au kukaa bila kunywa maji, chochote kati ya hivyo kinaweza kuiamsha.

Na hayuko peke yake. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 wanazaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka.

Akizidiwa anapelekwa hospitali, anaulizwa: maumivu ni ngapi, sifuri mpaka kumi? Anasema nane, anapewa dawa. Safi. Halafu swali la pili: "Na mengine, unaendeleaje?" Anajibu, "Niko poa." Mama kakaa pembeni, mkoba mapajani, nauli ya kurudi ameshaihesabu mara tatu. Hapo utasema nini zaidi ya poa?

Kumbe mwenzenu ana wiki mbili anawaza kuacha shule. Kachoka kuitwa mvivu kisa hakimbii mchakamchaka.

Vipimo vya mambo ya moyoni vipo. Kimoja kinaitwa PHQ-9, kina maswali tisa na Kiswahili chake kipo. Kinauliza wiki mbili zilizopita usingizi ulikuwaje, hamu ya kula, kukata tamaa. Kizuri, ila kinahesabu kilichoharibika. Kingine ni CYRM, cha maswali 28, kilichotengenezwa kwa kuwashirikisha vijana wa nchi 11, Tanzania ikiwemo. Hiki kinahesabu ulichonacho: ndugu wanasimama na wewe ukikwama? Marafiki je? Chakula kipo? Unajivunia kwenu?

Siku moja nesi akamwomba mama asubiri nje. Binti akaulizwa akiwa peke yake: "Ukizidiwa, unamshika nani?"

Akafikiri. Akamtaja bibi yake wa Mikindani, anayemkanda miguu kwa maji ya uvuguvugu bila maswali mengi. Akamtaja shosti wake anayemwandikia notisi siku asizofika darasani. Mama hakumtaja.

"Mbona mama hayumo?"

"Nikimwambia analia. Halafu hela ya kula anaipeleka kwenye dawa."

Nesi akajua pa kuanzia. Mama naye akaitwa, naye akaulizwa anamshika nani. Mwalimu wa darasa akaelezwa habari ya mchakamchaka. Ugonjwa haujaondoka, ila binti bado yuko shule.

Kwa hiyo wadau, tuache kumsifia mtoto mgonjwa kuwa jasiri kisa halii. Inawezekana kajifunza kunyamaza tu. Kama una mdogo wako mwenye sikoseli, muulize mkiwa wawili: ukizidiwa, unamshika nani? Akikosa jina la kutaja, usimpe pole. Mpe namba yako, na akipiga saa nane usiku, pokea.