Daftari la Mzee wa Stoo

Mzee wa stoo alikuwa na kaunta buku moja nyeusi, kaifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Humo mlikuwa na kampuni nzima: beringi ipi inafaa pale ile halisi ikikosekana, mteja gani wa Mbeya hukosea namba za filta kila akiagiza, rafu ipi huvujiwa wakati wa masika.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Kazi yangu ilikuwa kuhamishia yote hayo kwenye jedwali la Excel.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja tena na kompyuta yako?"

Alijibu maswali mawili. La tatu likifika, alikumbuka ana mzigo wa kupokea.

Darasani tulikuwa tumemsoma Ikujiro Nonaka na mwenzake Hirotaka Takeuchi, na kitabu chao cha 1995: ujuzi ulio kichwani huandikwa, wengine wakausoma, wakautumia mpaka ukawa wao. Nilidhani kinachokosekana ni jedwali zuri tu.

Jioni moja, tukinywa chai, mzee aliniambia, "Mkataba wangu unaisha Desemba. Nikikupa yote, Januari wataniita kwa lipi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye ripoti niliandika: "Mtunza stoo hatoi ushirikiano."

Desemba hawakumwongezea mkataba. Aliondoka na daftari lake. Januari yule mteja wa Mbeya alipelekewa filta zisizo zake, mara mbili. Meneja akapiga simu ya mzee, ikaita mpaka ikakatika. Kikaoni wakasema wazee hawapendi teknolojia. Nilikuwa nimekaa pale, najua sababu, nikanyamaza.

Mimi nilipewa mkataba wa miezi mitatu. Akaja kijana mwingine wa mafunzo, akafungua jedwali langu.

"Dada, hizi rangi zina maana gani?"

Nyekundu, kijani, njano: maana zake nilizijua peke yangu.

"Utazoea," nikamjibu.

Usiku ule nilimkumbuka mzee na chai yake. Kumwandikia kijana maana za rangi zote kulinichukua dakika kumi. Lakini nilimwandikia siku mkataba wangu mpya uliposainiwa. Si kabla.