Palio: Sufu Mabegani mwa Mchungaji

Desemba 2018 Askofu wetu wa Mpanda, Mhashamu Gervas Nyaisonga, aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Mbeya, na kwa cheo hicho akastahili kuvaa palio. Kwa Kilatini cha kale jina hilo lilikuwa la vazi zima la kujitanda. Tertuliani, Mwafrika wa Karthago, aliandika kitabu kizima kulitetea alipoiacha toga ya Kirumi. Leo limebaki utepe wa sufu nyeupe wenye misalaba sita myeusi, ukumbusho wa kondoo aliyepotea akabebwa mabegani. Utepe ni mwepesi. Kondoo si mwepesi. Mfugaji wa Katavi aliyembeba mmoja kutoka malishoni atanielewa.