Daftari la Mama

Wasomaji, wengi hudhani ufundi wa programu niliupata chuo kikuu. Shahada ninayo, sawa. Lakini hifadhidata ya kwanza niliyoiona ni daftari la mama, muuza omena pale ufuo wa Dunga, Kisumu: jina la mchuuzi, gorogoro ngapi, deni kiasi gani. Aliyelipa hakufutwa. Alipigwa mstari mmoja tu, jina lisomeke bado. "Ukifuta, kesho mtabishana," aliniambia. Mpaka leo programu zangu hazifuti rekodi.

Sasa kazini (kampuni siitaji) tunaunda programu ya mikopo ya simu. Malipo ni kila wiki; ukichelewa mara mbili, unaripotiwa. Nikauliza: je, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa ili samaki wazaane? Na gugumaji likiziba ufuo, mashua zisitoke? Kimya. Mwenzangu mmoja, mtoto wa Nairobi, alidhani omena hutoka supamaketi!

Mama aliwasubiri wadeni wake hadi Agosti, na karibu wote walilipa. Karo yangu ilitoka humo.

Nimeshaandika msimbo wa kusimamisha malipo msimu ukifungwa. Bosi anasema wawekezaji hawatauelewa. Jumatatu tunakutana tena.