Wiki Tano Makina



Mwezi wa Julai mwaka 2018, Mfunguo Mosi ukielekea kwisha, tulipanda treni ya mchana pale Miritini, sisi tunaoandika haya pamoja na dadetu mkubwa, ndugu yetu wa tumbo moja. Tulishuka Syokimau usiku, katika baridi ambayo mtu wa Mombasa haiamini mpaka imwingie mifupani. Dada alikuwa amevaa buibui juu ya sweta mbili. Mkono mmoja ulishika bahasha ya karatasi za hospitali, na wa pili ulikuwa kifuani, upande ule ambao madaktari walikuwa wamekwisha kuuondoa. Ameandikiwa mionzi mara 25, siku tano kwa wiki, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Wakati ule, kwa upande wa hospitali za umma, tiba hiyo nchini Kenya ilikuwa pale peke yake. Mgonjwa wa Lamu, wa Mandera na wa Turkana, wote walikuwa wakiuelekea mlango mmoja.

Hoteli ya wiki tano hatukuimudu. Mzee mmoja wa msikitini kwetu akatwambia, "Nendeni Kibera, mtaa wa Makina, kwa Wanubi. Mtalala jirani na adhana." Tukiri kwamba tulisita. Jina la Kibera kwetu Pwani lina picha moja tu, ya mabati yaliyoota kutu na njia za matope, na tulikuwa tumelitumia mimbarini kama mfano wa dhiki bila ya kuwahi kutia mguu huko. Mabati tuliyakuta, na matope pia, kwani mvua nyepesi ya Julai haikukatika siku tatu za mwanzo. Lakini nyumba tuliyopokewa ilikuwa na ua uliofagiliwa mapema asubuhi, birika la kutawadhia mlangoni, na ukutani vifuniko vya ukili vya rangi nyekundu, manjano na zambarau, kazi ya mikono ya mwenyeji wetu. Ni mama wa makamo aliyekwenda Hija, na mtaa mzima humwita Hajjati. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa hakutaka.

Wanubi hawa ni wajukuu wa askari Waislamu wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la Waingereza. Walipewa msitu huu wakae, na kwa lugha yao msitu ndio kibra, na hilo ndilo lililokuja kuwa Kibera. Mwaka 1912 eneo lililotengwa lilizidi ekari 4,000. Mwaka 2017, mwaka mmoja kabla ya sisi kufika, serikali iliwakabidhi hati ya ekari 288. Hajjati alizitaja hesabu hizo mbili kwa pamoja, akatutazama, kisha akatumiminia chai. Reli ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 inakatiza katikati ya makazi haya, na watoto huitembelea kama sisi tulivyokuwa tukitembea juu ya kuta za Ngome tukiwa wadogo.

Asubuhi ya kwanza tulimsikia Hajjati akimwambia mjukuu wake, "Jibu moyo!" Tulidhani ni wasia wa kisufi, mtoto anaamrishwa aujibu moyo wake. Mtoto akaja na jagi. Kumbe Kinubi ni Kiarabu kilichotembea mbali na kubadilika: jibu ni lete, na moyo ni maji. Tumekaa madrasa miaka 12, tumesoma nahau mpaka Alfiya, na mtoto wa miaka sita akatufundisha neno la maji. Dada alicheka hadi akashika mshono. Tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu Rajabu.

Kutoka Makina hadi hospitali si mbali. Siku za mwanzo tulikwenda kwa miguu, polepole, tukipumzika njiani, na baadaye nguvu zilipopungua tukawa tunapanda matatu. Njia hupita Soko la Kenyatta, ambako wasusi hukaa kwa safu nje ya vibanda vyao wakimwita kila mwanamke anayepita. Walimwita Dada pia. Chini ya mtandio wake hapakuwa na unywele hata mmoja, maana dawa za kemo alizotiwa mshipani kabla ya upasuaji zilikuwa zimezing'oa zote. Msusi mmoja alifahamu kwa kumtazama nyusi. Akanyamaza, akasimama, akampa kiti chake apumzike. Tangu siku hiyo kile kikawa kituo chetu, na hakukubali kupokea hata thamani ya kikombe cha chai.

Hospitali yenyewe ilianza mwaka 1901 kama hospitali ya wenyeji, ikaitwa jina la Mfalme George wa Sita mwaka 1952, na baada ya uhuru ikapewa jina la Kenyatta. Ndani ya uwanja huohuo wanasomea madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa hiyo mgonjwa anayesubiri hukutana na makoti meupe ya kila umri. Mwanafunzi mmoja, kijana wa heshima, alizoea kuketi nasi kwenye benchi. Alipojua kazi yetu alituuliza neno saratani limetoka wapi. Tukamwambia ni Kiarabu, ni kaa wa baharini, na kwamba matabibu wa Kigiriki kabla ya Waarabu waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama huyohuyo. Tukamweleza pia kwamba Abulqasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kwamba uvimbe huu ukiwahiwa ungali mdogo na mahali unapofikika, kama titi, unaweza kukatwa wote. Ukishakua, akasema, yeye hajapata kumponya hata mmoja. Kijana akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo haya haya tunayofundishwa, Sheikh. Wengi wetu huja kaa ameshakua."

Naye akatulipa kwa kisa cha kwao. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, aliona mwishoni mwa miaka ya 1950 watoto wanaovimba mataya, akauandika ugonjwa ambao sasa una jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu maili 10,000 kutafuta unaanzia wapi na kuishia wapi, na wakakuta unafuata nchi za joto na mvua, zile zile za malaria, pamoja na Pwani yetu. Kipande cha uvimbe kilichotumwa London kwa ndege mwezi wa Disemba 1963 kilikwama kwa ukungu, kikashushwa Manchester, kikafika kikiwa na maji yenye uchafu kama kilichooza. Walipokitazama wakaona seli hai zinaelea, na ndani yake, mwaka 1964, wakakuta kirusi kilichokuwa hakijajulikana. Watoto wengi wa ugonjwa huo sasa hupona kwa dawa. Hatukuwa tukijua kwamba elimu kubwa namna hiyo imetoka kwa watoto wa kwetu.

Jirani na hospitali iko Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI. Tulikuwa tukilipita lango lake bila ya kulitazama. Mwisho wa mwaka ule ule wa 2018, nasi tumesharudi nyumbani, watafiti wake na wenzao walianza kuandikisha wasichana wa Nairobi, Thika na Kisumu, wa miaka 15 hadi 20, jumla yao 2,275, wapate kujua kama chanjo moja tu yatosha kuzuia kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Jibu lilitoka mwaka 2022: katika kila 100, ilikinga zaidi ya 97 dhidi ya aina mbili zilizo hatari zaidi. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba dozi moja yaweza kutosha. Chanjo hiyo kwa wasichana wa miaka 10 ilizinduliwa na serikali papa hapa Mombasa, Oktoba 2019. Tunakumbuka vizuri maneno yaliyosemwa barazani wakati ule, kwamba inaletwa kuwafanya binti zetu tasa. Baadhi ya waliosema ni wenzetu wenye vilemba. Saratani hii ndiyo inayowaua wanawake wengi zaidi nchini kuliko saratani nyingine yoyote, na wasichana waliojitolea mikono kwa utafiti ule ni wa Kenya. Mzazi mwenye shaka na aende akamuulize daktari, asituulize sisi wa barazani.

Turudi Makina, kwani huko ndiko kuna deni letu.

Jioni moja ya wiki ya pili, baada ya magharibi, tulikuwa tumekaa uani tukila gurbaba, chapati nyembamba za Kinubi, kwa mchuzi. Hajjati alimuuliza Dada kwa upole, "Mwenzangu, ulikiona lini?" Dada akainamisha kichwa. Ikabidi tujibu sisi.

Mwaka mmoja na nusu nyuma Dada alikuwa amekuja kwetu akasema ana kivimbe, kama punje ya mbaazi, hakiumi. Hakusema kiko wapi, na sisi kwa haya hatukuuliza. Tulichukua sahani nyeupe, tukamwandikia kombe kwa zafarani na maji ya waridi, tukamwambia anywe siku arubaini na asubiri. Hatukumwambia asiende hospitali. Hatukumwambia aende, vilevile. Na kabla ya hapo, katika darsa ya akina mama ambayo hukaa safu ya mbele, tulikuwa tumesema kwa ukali kwamba mwanamke asimfunulie mwili daktari wa kiume. Tulisoma nusu ya mas'ala. Nusu ya pili, kwamba atafutwe kwanza mwanamke, na asipopatikana mwanamume aruhusiwa kutazama kadiri ya haja, maharimu au mtu wa kuaminika akiwepo, tuliiacha kwa kuwa muda ulikwisha na adhana ya alasiri iliadhiniwa. Yeye akaondoka na ile nusu aliyosikia. Aliporudi tena kwetu, mbaazi ilikuwa limau, na ngozi imebonyea kama ganda la chungwa.

Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alituamrisha tujitibu, na akatwambia kwamba kila maradhi yana dawa yake. Tunayajua hayo tangu utotoni. Tulikuwa tukiyasomesha.

Hajjati hakutulaumu. Alisema yeye mwenyewe alipimwa mlango wa kizazi kwa siki, kwenye zahanati ya karibu, na muuguzi alikuwa mwanamke, na ilichukua muda wa kupika chai. Kisha akaondoa sahani. Wanawake wanahimizwa kupimwa mlango wa kizazi, na kipimo hicho hakihitaji mashine.

Wiki ya tatu Dada aliuliza mas'ala. Wataalamu wa mionzi humchora mgonjwa mistari ya wino kifuani ili mionzi iangukie pale pale kila siku, na huwaambia wasiisugue. Je, udhu wake unasihi? Tulifurahi kuulizwa jambo tunalolijua. Tukaanza na masharti ya udhu katika madhehebu ya Imamu Shafii, tukaeleza tofauti ya rangi na kitu chenye mwili kinachozuia maji kufika kwenye ngozi, tukaingia kwenye hukumu ya bendeji, tukawa karibu na tayammamu. Hajjati, aliyekuwa akichagua mchele, akasema bila ya kuinua uso, "Sheikh, kifua ni kiungo cha udhu?" Tukanyamaza. Wao wawili wakacheka, na sisi tukacheka baadaye kidogo.

Mionzi ya 25 ilimalizika Ijumaa. Hajjati alimpa Dada kifuniko cha ukili, na msusi wa sokoni akamfungia njugu za safari. Nyumbani Dada aliishi miaka miwili na nusu, mingi yake kwa afya ya kutosha kufunga na kuswali tarawehe kwa kusimama. Alipotaka maji aliwaambia wajukuu, "Jibu moyo," nao wakazoea. Alifariki Rajabu, mwaka 2021. Daktari alitwambia kwa upole kwamba ingekuwa mbaazi, habari ingeweza kuwa nyingine. Kadari ni ya Mwenyezi Mungu, na kuchelewa kulikuwa kwetu.

Tumeyaandika haya sasa kwa sababu wiki mbili zilizopita mama mmoja wa mtaani alitujia baada ya alasiri, akasimama upande wa mlango, akasema ana kitu, na kwamba anataka kombe. Tulimwandikia, kwa zafarani na maji ya waridi kama tulivyofundishwa, akanywa pale pale. Kisha tulimwita mke wetu avae buibui, tukaenda sote watatu hadi kliniki, tukaomba daktari mwanamke, naye alikuwepo. Waliingia wao wawili. Sisi tulibaki nje kwenye benchi hadi walipotoka. Kipande cha nyama kimepelekwa maabara, na karatasi inatoka Jumatano.