Mgeni Asimtoe Mwenyeji

Walimu wenzangu, yafaa leo tuseme juu ya jambo linalowatatiza wengi wenye kompyuta za Linux shuleni: jinsi ya kuweka toleo jipya la lugha ya Python pasipo kuiharibu mashine.

Hapa Kasoli, wilaya ya Bariadi, kompyuta yetu hutumia Ubuntu 22.04, iliyotolewa mwaka 2022, na ndani yake mna Python 3.10. Vijana walitaka toleo la 3.12, lililotoka Oktoba 2023. Haja yao ni ya haki, kwa maana tangu toleo la 3.11 lugha hiyo humwonyesha mwanafunzi mahali hasa penye kosa katika mstari. Basi mmoja akasema, "Mwalimu, tuling'oe kwanza lile la kale." Nikamzuia.

Sababu ni hii: toleo la kale ni mali ya mashine yenyewe. Programu kadhaa za Ubuntu zimeandikwa kwa Python, nazo hulitegemea toleo lile lile zilizokuja nalo. Ukiling'oa, nazo hutoka; hata dirisha la kuandikia amri laweza kukataa kufunguka. Na alama za mitihani ya watoto wetu zimo mle mle.

Njia iliyo njema ni kumjengea mgeni chumba chake. Tulipakua msimbo wa Python, kama megabaiti 20 tu. Kwanza tulihakikisha kwamba ipo gcc, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, pamoja na libssl-dev; pasipo hiyo ya pili, Python mpya haiwezi kuleta vifurushi vyake kutoka intaneti. Kisha tukaandika ./configure, halafu make, na mwisho sudo make altinstall.

Neno hilo altinstall ndilo la kushikwa sana. Ukiandika install peke yake, jina python3 laweza kumwitikia mgeni badala ya mwenyeji. Lakini kwa altinstall mgeni hukaa katika /usr/local, akaitwa python3.12, na mwenyeji habanduki.

Sasa kijana anayeanza kazi mpya huandika python3.12 -m venv kazi, akapata uwanja wake mwenyewe, wala mashine haisumbuki.

Basi, wenzangu, msiogope kuleta jipya. Lakini ulizeni kwanza lile la kale limebeba nini.