Mashairi Yasiyosema

Chambilecho wahenga, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhadhiri mmoja wa ushairi aliifundisha methali hiyo kwa miaka mingi. Maana yake ilimwingia siku mwanafunzi wake asiyeona alipobisha mlangoni, tarakilishi kwapani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Kuna nini?”

“Mashairi uliyotutumia hayasemi. Mwenzangu amenisomea kwa majuma mawili. Sasa naye ana mitihani yake. Nimekuja na fomu ya kuacha kozi, uitie sahihi.”

Mhadhiri alishangaa. Aliifungua faili mwenyewe, beti zikajipanga mbele ya macho yake. Mwanafunzi akaiwasha NVDA, programu ya bure isomayo kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Ikatangaza kwamba ukurasa ni mtupu. Kumbe mhadhiri alikuwa amezipitisha kurasa za kitabu kwenye skana, basi. Jicho liliona herufi. Mashine iliona picha, na picha haina silabi.

Fomu iliwekwa kando, kazi ikaanza. Programu ya kutambua herufi iliigeuza picha kuwa maandishi, lakini ikadhani ukwapi na utao ni safu mbili za gazeti: ikasoma vipande vyote vya ukwapi, kisha vyote vya utao, ubeti ukavurugika. Mhadhiri akaviunganisha vipande, kila mshororo ukarudi mahali pake. Sauti nayo ilikitamka Kiswahili kizungu, kwa kuwa lugha ya faili ilikuwa imewekwa Kiingereza. Ilipobadilishwa, vina vikarejea. Mwisho, anwani za mashairi, ambazo zilikuwa zimekolezwa wino tu, zikapewa mtindo wa vichwa uliomo katika programu ya kuandikia. Kwa kubonyeza kitufe kimoja, mwanafunzi akawa anaruka kutoka shairi moja hadi jingine. Yote hayo yalichukua alasiri moja.

Kazi hiyo si hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwondolea vikwazo vitokanavyo na ulemavu wake. Nao Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2017, unaruhusu vitabu vilivyochapishwa kunakiliwa katika umbo linalowafaa wasioona.

Jioni ilipoingia, shairi la kwanza lilisomwa lote. Katika ubeti wa tatu mwanafunzi aliinua kidole.

“Mwalimu, mshororo huu una mizani 15.”

Kitabu kikafunuliwa. Ilikuwa kweli: programu ilikuwa imedondosha “na” moja, na macho yaliyoupitia mshororo huo mara tatu hayakuliona pengo. Ushairi wa Kiswahili, kwa karne nyingi, umetungwa uimbwe na usikike. Na sikio lililolitambua kosa ni la yule yule aliyekaribia kuliaga darasa.

Fomu ilirudi mkobani bila sahihi.