Mtamba, Vipakiti na Goti la Mzee wa Karatu

Wadau, kuna biashara imeingia kimya kimya na imewashika sana watu wa miaka 60 kwenda juu. Vipakiti vya unga vya rangi ya dhahabu. Wakala anakwambia ndani mna seli shina za matunda: weka chini ya ulimi, goti linarudi ujana. Ushuhuda unao wa kumwaga, na bei yake siyo ya mchezo.

Pale Karatu aliyenasa ni mzee mmoja aliyeongoza watalii Ngorongoro zaidi ya miaka 30. Siyo wale wa kukaa kwenye gari tu. Yeye alikuwa anashuka na wageni kwa miguu mpaka ziwani Empakaai, halafu anawapandisha tena huku kabeba na begi la aliyeishiwa pumzi. Leo ana miaka 64 na kushuka tu kwenye daladala ni shughuli. Goti la kulia linalia kama bawaba ya geti. Na aibu nayo ipo, maana huku ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Kizazi cha huyu mzee kilikua kikijipima kwa miguu.

Vipakiti viwili vya majaribio akapewa bure. Dozi kamili ikawa inataka hela, na hela ilikuwa imesimama zizini: mtamba, mwezi wa saba wa mimba.

"Baba, mtamba unamuuza kwa sababu ya unga?" mkewe akauliza.

"Siyo unga, mama. Ni seli."

Binti yao wa mwisho, anayesomea mambo ya maabara, alikuwa likizo. Hakubishana. Akamwambia tu, "Baba, hizo seli unazo mwenyewe. Shida ni kwamba zimezeeka na wewe."

Hapo ndipo mzee alipozima redio.

Mfupa siyo jiwe, unabomolewa na kujengwa upya kila siku. Kuna seli zinazokula mfupa uliochakaa na kuna zinazojenga mpya. Mafundi hao wa kujenga, pamoja na wale wa gegedu, yaani ule utando laini unaozuia mifupa kusagana kwenye goti, wanatokana na seli shina zilizomo ndani ya mifupa. Ukiwa kijana ni nyingi na zina bidii. Umri ukienda zinapungua, zinagawanyika kwa uvivu, na nyingine badala ya kuzaa mfupa zinazaa mafuta. Gegedu ndiyo yenye hali mbaya zaidi, kwa sababu haina mishipa ya damu. Ikikwanguka, matengenezo hayafiki kirahisi.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwa panya jambo la kushangaza kidogo. Seli shina za mifupa zikizeeka hazilali tu, zinatoa ishara zinazowaita walaji wa mfupa. Fundi hajengi, halafu anawafungulia mlango wabomoaji! Wakajaribu kuzipa damu ya panya wachanga, hazikurudi ujana. Kilichosaidia mfupa uliovunjika kuunga vizuri ni vitu viwili kwa pamoja, tena palepale penye jeraha: kichocheo cha kuziamsha na dawa ya kuzuia ile ishara mbaya. Mwaka mmoja kabla, hapohapo Stanford, gegedu ya panya iliota upya kwa mbinu inayofanana. Panya lakini. Siyo mzee wa Karatu.

"Na hizi za matunda?" mzee akauliza, sauti imeshuka.

"Ukizimeza zinasagwa tumboni kama embe, baba. Seli ya tunda haijui goti ni nini."

Mkewe akacheka, binti akamgeukia na yeye. Mwanamke akishakoma hedhi homoni iliyokuwa inalinda mifupa inashuka na mfupa unaliwa haraka zaidi, kwa hiyo asidhani maongezi yale yalikuwa ya mtu mmoja.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Miaka yote amewaeleza wageni habari za nyayo za Laetoli, kwamba miaka milioni 3.6 iliyopita kuna viumbe walipita hapa kwa miguu miwili, juu ya majivu ya volkano. Alikuwa anaisema kwa fahari. Kwamba kutembea hivyo kunalipiwa na magoti, hilo halikuwemo kwenye maelezo yake.

Wiki iliyofuata akapiga eksirei. Nafasi ya gegedu upande wa ndani imebana. Daktari akamwambia apunguze kitambi na aimarishe misuli ya paja, ikibana sana kuna kubadilishiwa goti, kama wanavyofanya MOI kule Dar es Salaam. Mazoezi yenyewe ni ya kuketi na kusimama kwenye kiti, bila kushika meza. Siku ya kwanza alifika mara nne, akamtukana aliyebuni viti. Sasa anafika kumi na mbili. Maumivu yapo, ila ngazi za kanisani anapanda bila kushikwa mkono.

Mtamba kazaa jike. Vile vipakiti viwili bado vipo kabatini, nyuma ya sukari. Mkewe anavijua, na hajasema kitu.